Pima Tatu Kabla ya Mwisho

Ujerumani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Kaka yangu Owuor,

Nakusalimu kwa salamu zote mbili, ile ya upande wa baba na ile ya upande wa mama, uitikie utakayopenda. Mimi ni mzima, isipokuwa kidole gumba cha kushoto kina mshono, na habari zake utazipata mbele. Mgongo wako unaendeleaje? Mama bado anakohoa asubuhi? Shemeji ameshajifungua, au bado anakutuma udongo wa kutafuna? Na Ouma, huyo ndiye ninayetaka kumjua kuliko wote: madaktari wa Homa Bay wamesemaje kuhusu mkono wake? Uliniambia vidole vitatu vimeshonwa na cha nne kilipotelea kwenye matope pale mdomoni mwa shimo letu la dhahabu. Tangu siku hiyo, kila nikifunga vifungo vya shati namfikiria binamu yetu huyo, atavifungaje vyake.

Utashangaa kupata karatasi. Hata Pamela alishangaa, huyu muuguzi binti wa Mbita anayekuletea. Nilipomwomba aibebe alinicheka: "Barua? Wewe Elisha, si utume tu WhatsApp kama watu?" Nikamwambia simu ya kaka yangu ni simu ya shimo zima. Ujumbe ukiingia unasikilizwa na kila anayesubiri zamu ya kushuka, kisha ndipo unakufikia wewe, umeshachujwa na kuongezwa chumvi. Haya ya leo sitaki yafike kwako kwa mdomo wa mtu. Kaa chini, weka panga mbali, usome hadi mwisho hata ukikasirika. Utakasirika.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara sita. Naiandika hapa ili uione kwa macho yako, maana ukisema jambo kwa mdomo huwa unalisahau upesi:

"Elisha, omera, hiyo unga yako nyeupe yenye ililipuka huko, si unitumie kidogo? Kilo mbili tu. Ama uniambie venye inatengenezwa. Hawa watu wamezidi. Wamemkata Ouma mchana, watu wakiona. Mvua ikikatika, Sabato ya kwanza, mimi niko kanisani naimba. Nani atasema ni Owuor? Na wao Sabato huwa wako chini wote, Mwita na vijana wake. Hii maneno iishe."

Mara ya kwanza nilipoisikiliza niliirusha simu ukutani. Kioo chake kimepasuka, na sasa nasoma jina lako likiwa na ufa katikati. Sabato, Owuor! Wewe unayemfukuza mtu kazini kwa kuwasha moto wa chai Ijumaa jua likishazama! Wewe mwimba besi, ambaye mchungaji akikohoa unaitikia amina! Umekaa ukapiga hesabu kwamba siku ya Bwana ndiyo nzuri ya kuwazika watu wazima wazima, kwa kuwa wao ni Wakatoliki na siku hiyo wako kazini. Ningekuwa karibu ningekuchapa kofi, na umbo lako hilo lisingenitisha.

Halafu unasema "hawa watu". Hawa watu gani? Mama yetu katoka Kegonga, kwa Wakuria hao hao. Nyumbani kwetu tulikua tukisema Kiswahili kwa sababu baba hakuwahi kujifunza Kikuria na mama alikataa kuchekwa kwa Kijaluo chake cha kubahatisha. Nusu ya vijana wa Mwita wanaochimba shimo lile la jirani ni Wajaluo kutoka Rongo na Awendo, unawajua kwa majina, mmoja ulimsimamia harusi. Ukilipua shimo lile utawalipua hawa watu na wale watu kwa pamoja, na mama atalia kwa lugha zake zote.

Sasa nikujibu ulichoniuliza. Ningeweza kukujibu kwa mstari mmoja. Unga wangu ni titani dioksidi, ule ule mweupe unaotiwa kwenye rangi ya ukuta na dawa ya meno. Ukiutia kwenye maji na kuumulika, mwanga unagonga chembe zake, na maji yanaanza kuachana: haidrojeni huku, oksijeni kule. Haidrojeni ndiyo tunayoitafuta, iendeshe magari na viwanda bila moshi. Lakini bila mwanga unga huu ni chokaa tu. Shimoni hakuna jua, ndugu yangu. Ungeteremsha kilo zako mbili pima kumi chini ya ardhi, ukazimimina kwenye maji, na kungoja hadi kiama. Labda vijana wa Mwita wangepaka nao kuta.

Tena hata juani ni mvivu. Sehemu kubwa ya mwanga wa jua unauacha upite, unakula ule mkali tu usioonekana kwa macho. Na hata ukishakula, chaji ya umeme iliyorushwa na mwanga inaacha shimo nyuma yake, na haraka haraka inarudi kulidondokea shimo lile lile, kazi inapotea. Miaka minne sasa kazi yangu ni kuurekebisha. Tunaupika kwenye tanuri hadi unageuka kijivu, karibu mweusi, ili umeze mwanga zaidi. Kisha tunaubandika chembe za dhahabu, ndogo mno kwa jicho, zikamate chaji ile isirudi ilikotoka. Ulinicheka nilipokueleza zamani, ukasema nimekwenda Ulaya kunyunyizia dhahabu kwenye rangi ya nyumba. Cheka tu. Mwezi uliopita, baada ya mapishi mengi kumwagwa, unga mmoja ulianza kutoa mapovu ambayo sijawahi kuyaona. Nilisimama mbele ya chupa nikaimba, na unajua sauti yangu ilivyo.

Basi ningekujibu hivyo, kwamba bila jua haulipuki, nikafunga bahasha. Lakini nakujua. Ungesema sawa, ukaenda kutafuta baruti ya kupasulia mawe. Kwa hiyo lazima nikwambie mengine, na nianze na ule mlipuko niliojisifia kwako kwenye simu.

Gesi zile mbili zikikaa pamoja chupani zinangoja cheche tu. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya kuwasha kitu, tunapitisha naitrojeni kwenye mabomba yote, gesi isiyowaka, isukume mabaki ya jana yatoke. Ni dakika arobaini za kukaa bure. Jumanne ile silinda ya naitrojeni ilikuwa imekwisha, nyingine iko ghalani, lifti mbovu. Profesa alitaka namba zangu kabla ya saa tano. Nilijiambia mara moja tu haina neno. Nikabonyeza swichi ya taa.

Mlio wenyewe sikuusikia. Niliona weupe, kisha nikajikuta nimekaa sakafuni nimeegemea kabati, masikio yanalia, vioo vinadondoka kutoka darini. Kuna mama mmoja fundi wa maabara, anaitwa Anke, amekaribia kustaafu. Ndiye aliyenifundisha kila kitu hapa, hata kuvaa soksi mbili. Alikuwa amesimama karibu na sinki, amevua miwani ya kinga aipanguse. Kipande cha kioo kilimwingia shavuni, chini kidogo ya jicho, kikasimama pale kama tindo kwenye mwamba. Vingine vilimchana paji la uso. Damu ilishuka ikamwingia kinywani, akawa anaitema na kusema, "Funga gesi, Elisha, funga gesi." Aliinua mkono kukishika kile kioo nikamkamata mkono kwa nguvu asikivute, tukang'ang'ania, yeye ananipiga begani, mimi namshikilia, damu yake yote kwenye koti langu jeupe. Walipomchukua niligeuka nikalipiga lile kabati la chuma ngumi hadi likabonyea. Kidole nilikikata baadaye, nikikusanya vioo kwa mikono mitupu, maana nilitaka kuumia na mimi.

Na jioni ile ile nikakupigia simu. Unakumbuka nilikwambiaje? "Kaka, maji na unga, vimelipua chupa utadhani baruti ya shimoni Masara!" Nikacheka. Anke sikumtaja hata kidogo. Nilikuuzia kelele bila damu, nawe ukanunua. Ndiyo maana hasira yangu juu ya ile sauti yako haikudumu, mbegu nilipanda mimi.

Kisha wakaniuliza ilikuwaje. Niliandika kwenye ripoti, kwa mwandiko mzuri, kwamba nilipitisha naitrojeni dakika arobaini kama kawaida, na kwamba pengine valvu ilivuja. Nilisaini. Siku nne baadaye nikaenda hospitali kumwona Anke, na maua mkononi, maana hapa ndivyo wanavyofanya. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji. Alinikaribisha, akaniuliza kama nimekula, kisha akasema bila kupaza sauti:

"Elisha, mimi nilikuwa mle ndani tangu saa mbili. Naitrojeni ikipita, ile valvu hupiga mluzi. Sikusikia mluzi."

Nilikaa juu ya kitanda cha mgonjwa, juu ya miguu yake, bila kuomba ruhusa. Sikumwogopa Anke. Ni kwamba maneno yale niliwahi kuambiwa, karibu vile vile, na mtu mwingine ambaye pia aliishia na jicho moja. Ila yeye la pili halikurudi.

Sasa nakuja kwenye siku ya kamba. Nitaieleza yote kama vile hukuwepo, kwa sababu kuna mahali kweli hukuwepo.

Njia yetu ya chini na njia ya baba yake Mwita zilitobokeana. Wewe ndiye uliyekuwa mbele. Nyundo yako ilipiga, jiwe likaanguka upande wa pili, ukaona tochi na jicho la mtu likikutazama. Mlitukanana kupitia tundu lile hadi mkachoka. Ikaja desturi ya Masara: mashimo yakikutana, nyundo zote zinapanda juu, hakuna kuchimba hadi kamba ipimwe. Juu ya ardhi, kutoka mdomo wetu hadi jiwe la mpaka, zilikuwa pima kumi na nne za mikono iliyonyooshwa. Basi na chini njia yetu isipite kumi na nne. Ikipita, tumeingia kwao, na mwamba wenye dhahabu ni wao.

Mtu wao anashuka na kushika kamba chini ya mdomo wetu. Mtu wetu anaiburuta hadi penye tundu, anafunga fundo, anapiga kelele kwamba amefika. Mgeni hapelekwi hadi mwisho, asije akauona mwamba na kuutamani. Ndivyo ilivyokuwa tangu tuzaliwe, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake. Wao walimtoa Mwita. Wewe ulinitoa mimi. Ulinishika bega mbele ya watu wote ukasema, "Huyu mdogo wangu hesabu anajua, na hajui kudanganya."

Nilikuwa na miaka ishirini, na barua ya chuo kikuu ilikuwa imefika wiki ile. Nilitambaa na kamba ya mkonge kiunoni. Mwita alikuwa anamulika nyuma yangu na kunitania, ananiita profesa. Baada ya ile kona ya kulia mwanga wake ukakatika. Nilifika penye tundu nikahesabu mafundo ya kila pima kwa vidole gizani. Kumi na sita. Nikahesabu tena. Kumi na sita, Owuor. Tulikuwa tumeingia kwao pima mbili, na mwamba wote ulikuwa ndani ya hizo pima mbili, ukimeta pale nilipowasha tochi yangu.

Nilirudi nyuma pima tatu. Sikufikiri sana, nakuapia, ilikuwa rahisi kama kurudi kuchukua kofia. Nilifunga fundo kwenye kumi na tatu, nikapiga kelele, "Nimefika!"

Mengine unayajua. Kamba ililazwa juu ya ardhi, ikaishia kabla ya jiwe, vijana wetu wakaanza kupiga mbinja. Mwita akasema, "Hapana. Hii kamba ni fupi. Mimi nilikuwa nasikia. Vile anasema amefika, sauti imetoka hapa karibu, haikutoka mwisho. Hebu turudi chini, sasa mimi niende mbele." Hakutukana mtu. Alinyoosha mkono tu achukue ncha ya kamba. Nawe ukamuuliza, "Unamwita mdogo wangu mwizi?" Hukungoja jibu. Ulimpiga na beleshi, kwa makali, usoni.

Alikaa chini taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pakavu pa kukaa. Alifunika uso kwa kiganja, na kilichokuwa kinatoka kati ya vidole vyake sikuweza kukitazama. Halafu watu wote wakawa mawe na fimbo. Nilimwona baba yake akimbeba mgongoni na kukimbia, mzee yule, huku vijana wetu wakiwafuata kwa mawe ya mgongo. Mimi nami nilirusha. Nataka ulijue hilo pia, nilirusha jiwe moja na likampata yule mzee kwenye kifundo cha mguu, akayumba lakini hakumwangusha mwanawe.

Siku iliyofuata ulichinja mbuzi. Nilikula ile nyama. Mama alikataa, alisema tu kwamba meno yanamuuma, na wewe ukamwamini. Mwamba ule ulitulisha na kunisomesha, ukanitoa Migori hadi Nairobi na Nairobi hadi hapa, ambako napima vitu vidogo visivyoonekana na watu wananiita makini.

Mwita alisema kweli. Ndiyo hayo niliyotaka kukuandikia, karatasi zote hizi ni kwa ajili ya maneno hayo matatu. Mwita alisema kweli, nawe ukamng'oa jicho kwa sababu yangu, ukiamini unalinda jina langu. Miaka yote hii ukimwita mwongo, mwongo alikuwa anakula nawe sahani moja. Na vijana wake walipomkata Ouma mwezi jana kwa kuvuka mpaka, walikuwa wanalinda mpaka ambao kweli Ouma aliuvuka, na aliuvuka kwa kuwa mimi niliuonyesha mahali usipokuwa. Kumkata mtu panga ni unyama, siwatetei, aliyefanya vile afungwe. Lakini kabla ya panga lile kulikuwa na beleshi, na kabla ya beleshi nilikuwa mimi, gizani, na fundo mkononi.

Nasikia hasira zako hadi huku. Huenda sasa hivi umesimama na unatafuta cha kupiga. Piga ukuta, kama mimi. Kwa nini sikusema mapema? Kwanza niliogopa nisiende chuo. Baadaye nilikuogopa wewe. Mwishoni niliogopa kitu kingine: kwamba ukijua, hutaweza kulala tena. Wewe ulikosa kwa kunipenda. Nilidhani nakuhurumia, kumbe nilikuwa najihurumia mwenyewe.

Pale kitandani nilimwambia Anke ukweli. Hakunisamehe papo hapo, alinitazama kwa lile jicho moja akasema niandike ripoti upya. Niliandika. Jicho lake limepona, kovu litabaki. Mimi nimeondolewa kwenye kazi ya unga wangu, ule uliotoa mapovu anaumaliza mtu mwingine, na jina langu sijui kama litabaki. Kwanza nilipewa kuosha chupa, kisha wakanipa likizo nisiyoiomba hadi kamati ikae. Iliniuma, nilitukana Kijaluo kwenye korido nzima. Lakini usiku nalala. Sikuwa nimelala vizuri tangu niwe na miaka ishirini, na nilikuwa nimesahau kwamba watu hulala.

Kwa hiyo sikutumii unga, na baruti usiitafute. Nataka mfanye jambo moja: pimeni upya. Simamisha nyundo zote, zenu na zao, chukueni kamba mpya ya mkonge mbele ya watu wa kamati ya wachimbaji, na mara hii mtu wetu abaki chini ya mdomo, Mwita ndiye aende hadi mwisho. Jicho ana moja, lakini masikio yake nayaamini kuliko kamba yoyote. Kamba ikisema mwamba ni wao, na itasema, uwaachie. Najua nakuomba kitu gani. Najua shemeji ana mimba, na watu wanaokula kwenye shimo lile. Sina la kuwapa badala yake, isipokuwa mikono hii, na nakuja nayo.

Na sasa lile la mwisho, ambalo ndilo litakalokuuma zaidi. Pamela nimempa barua mbili. Hii ni ya pili. Ya kwanza ni ya Mwita, ina kila nililoandika hapa kuhusu ile siku ya kamba, na nimeandika kwa herufi kubwa kwamba kaka yangu hakujua. Mipango yako ya Sabato sikuiweka humo; hiyo ni kati yako na mimi na Mungu wako wa kwaya. Pamela ameniahidi kumkabidhi Mwita mkononi siku ya Jumatano, na wewe Alhamisi. Ukifika mstari huu, Mwita ana usiku mzima akijua kwamba hakuwa mwongo.

Nilifikiri sana nani apate kwanza. Nilijua ukipata wewe kwanza ungeichoma hii moto, kwa ajili yangu, ungekwenda kuwalipua bado, na ungekufa nayo moyoni. Sasa huwezi. Anaweza kuja kwako na watu wake, ndiyo, na hilo nalijua. Akija na panga, mwonyeshe karatasi hii na umwambie mwenye deni lake anatua Kisumu siku kumi baada ya barua. Akija mikono mitupu, Owuor, nakusihi kwa maziwa tuliyonyonya sote wawili, mpe kiti.

Nisalimie mama, umwambie sasa najua meno yake hayakuwa yanauma. Nisalimie shemeji, mtoto akiwa wa kiume asipewe jina langu hadi tutakapoonana. Nisalimie Ouma, Pamela atapita kwake kwanza hapo Homa Bay na atamsomea yeye pia ile ya Mwita, maana haki ya kujua anayo kuliko wewe. Nisalimie shangazi wa Rusinga na zile omena zake, na mzee wa kanisa anayekushikia kitabu cha nyimbo. Mwambie Sabato hiyo wewe huimbi, una kamba ya kupima Jumapili na inabidi ulale mapema.

Nikifika sitapita nyumbani. Nitakuja moja kwa moja hadi mdomoni mwa shimo, na nitasimama pale juu, palipo wazi, ili yeyote mwenye neno nami asinitafute.

Ni mimi mdogo wako uliyesema hajui kudanganya,

Elisha.